Mkongo Ulitua Mombasa, Majoreni Ikabaki na Bando

Majoreni iko Kwale ya kusini, kati ya Shimoni na Vanga, ubavuni mwa mikoko. Kwa barabara haifiki kilomita 100 kutoka Mombasa, mji ambako mikongo ya baharini inayolisha intaneti ya Kenya na majirani zake huibukia nchi kavu. Kilomita hizo chache zimeishinda serikali kuliko bahari yote iliyoko kati ya Mombasa na Ghuba.

Hadi 2009 upande huu wa Afrika ulitegemea setilaiti. Megabiti moja kwa sekunde iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi, na mteja wa saiba alilipia dakika huku picha ikishuka kipande kwa kipande. Mkongo wa pamoja wa nchi za eneo hili, EASSy, ulikuwa umekwama katika mabishano ya nani aumiliki. Kenya ikachoka kungoja. Mwaka 2006 ikaafikiana na Etisalat ya Falme za Kiarabu kujenga TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa, na Bitange Ndemo, wakati huo katibu wa kudumu wa wizara ya habari, akawa msukumaji wake mkuu. Mkongo ulitua Juni 2009. SEACOM, mkongo wa watu binafsi, ukautangulia kuanza kazi, Julai 23. EASSy wenyewe ulikuja 2010.

TEAMS hukumbukwa kama mali ya umma, lakini hisa nyingi zilichukuliwa na kampuni za simu. Hilo si dogo, maana ndilo lililoamua waya ungeishia wapi. Serikali ilichimba mitaro ya mkongo wa taifa, NOFBI, hadi makao makuu ya wilaya. Kutoka hapo kijiji kikaachiwa kampuni, na kampuni huhesabu wateja kabla ya kusimamisha mnara. Huko mpakani, Vanga na Jimbo, simu hudaka mtandao wa Tanzania, na asiye makini huona salio likiyeyuka.

Jaribio la kwanza la kuziba pengo hilo lilikuwa vituo vya Pasha. Bodi ya TEHAMA, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwakopesha wajasiriamali wafungue vituo vya kompyuta mashinani. Vingi havikudumu. Bili ya umeme na ya intaneti ilikuja kila mwezi, wateja hawakuja kila mwezi, na simu za bei nafuu zikamalizia kazi.

Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni jambo lililopita bila kelele: 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao ya intaneti inayoendeshwa na jamii. Sasa kikundi cha kijiji kinaweza kununua intaneti kwa jumla mahali pamoja, kikairusha kwa antena kutoka paa hadi paa, na kugawana gharama. Mtandao mmoja wa aina hiyo, TunapandaNET, ulikuwa ukifanya hivyo Kibera, Nairobi, tangu kabla ya mwongozo huo.

Kuuleta mtindo huo pwani kuna adha zake. Antena mbili lazima zionane, na mnazi mmoja uliorefuka katikati unatosha kukata mawasiliano. Chumvi ya bahari hula boliti na viungo vya waya. Umeme ukipotea, betri ndogo humaliza chaji kabla haujarudi. Bila fundi anayeishi hapo hapo, mtandao hauvuki masika.

Mwaka 2022 ikaja ahadi ya serikali ya Rais William Ruto: kilomita 100,000 za mkongo, sehemu nyingi zikipitishwa kwenye nguzo za umeme, WiFi ya umma mahali 25,000, na kituo cha kidijitali katika kila wadi kati ya 1,450 nchini. Kutumia nguzo zilizokwisha kusimamishwa ni akili, kunaokoa mitaro. Lakini wadi ni kubwa, na mkulima wa mwani wa Kibuyuni hatapanda boda hadi kituoni kila akitaka kujua bei. Na kwa kila kituo kitakachofunguliwa, swali ni lile lililofunga vile vya Pasha: mwaka wa pili, bili italipwa na kaunti, na Nairobi, au na kikundi chenye leseni yake?