Kilindo, Gunia na Unyevu wa Nafaka Uwandani Iramba

Mtu akitaja kilindo, pipa la gome la kuhifadhia nafaka, wengi hufikiria chombo cha kuzuia panya tu. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kutuliza unyevu wa nafaka, na ushahidi wa kwanza ni hali ya hewa yenyewe. Misigiri, njia panda ya kwenda Kiomboi katika barabara kuu ya Singida hadi Nzega, iko kwenye uwanda wa Iramba kabla barabara haijateremka mlima Sekenke kuelekea Shelui. Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mavuno huja kiangazi kikiingia. Juni na Julai uwele na mtama hukauka bila taabu, kwa upepo na jua tu. Taabu huanza mawingu yanaporudi. Nafaka iliyokaa kavu miezi mitano huanza kunywa maji kutoka hewani, na hakuna mavuno mapya mpaka masika yaishe. Kwa hiyo mkulima wa Iramba hakuhitaji sana chombo cha kukaushia. Alihitaji chombo cha kulinda ukavu alioupata bure.

Punje haiachi kubadilishana unyevu na hewa inayoizunguka. Mahindi yenye maji asilimia 13 hivi hutulia yakizungukwa na hewa yenye unyevu wa takriban asilimia 65 hadi 70; hewa ikizidi hapo kwa muda, kuvu huota. Tumbaku nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Wenye sigara nene za Havana huzitunza katika masanduku ya mbao yenye hewa ya unyevu wa karibu asilimia 70, na kabla ya kuziweka humo huzinywesha mbao unyevu kwanza ili zisije zikafyonza ule wa tumbaku. Ukuta wa chombo hushiriki katika kazi: hupokea unyevu hewa inapozidi, huurudisha inapopungua. Kilindo nacho kilikuwa na ukuta wa namna hiyo.

Kilitengenezwa kwa gome la miti ya miombo, kama mtundu, lililobanduliwa zima likiwa bado bichi, likakunjwa mviringo na kushonwa kwa kamba za miti. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857, aliviona vyombo hivi vya magome na kuviandika. Kilindo kiliinuliwa juu ya mawe au magogo ili kisiguse ardhi, nafaka ikachanganywa na majivu, kisha mfuniko ukazibwa kwa udongo au samadi ya ng’ombe. Ndani ya tembe, nyumba ya asili yenye paa la udongo, moshi wa jiko uliendelea kukausha, na paa hilo nene lilipunguza tofauti kati ya joto la mchana na baridi ya usiku. Tofauti hiyo ina madhara makubwa, maana panapopoa ghafla, unyevu huhamia upande wa baridi na kulowesha punje za pembeni.

Wapo watakaosema tunawapa wazee elimu ambayo hawakuwa nayo, kwa kuwa hawakuwa na kipimo. Kipimo walikuwa nacho: meno. Punje iliyokauka hukatika kwa mlio. Iliyo mbichi huchubuka. Anayejua nafaka ya namna gani haifungiwi anajua kanuni, hata kama haandiki asilimia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kilindo kimeshindwa. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ilihamisha watu, mahindi yakaenea, na biashara ya nafaka ikahesabiwa kwa gunia. Kisha akaja dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati, aliyeanza kuharibu mahindi mkoani Tabora mwishoni mwa miaka hiyo, akatambuliwa rasmi mwaka 1981. Wakulima walimwita Scania, kama lori. Dumuzi hula mahindi makavu kabisa na hutoboa mbao, hivyo ukavu haumzuii na gome humpa makazi. Hapo lazima tukubali: kwa mahindi, kilindo hakitoshi tena, na mifuko isiyopitisha hewa humwua kwa kumnyima pumzi.

Lakini kushindwa kwa chombo hakujafuta kanuni. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na uchunguzi ulihusisha ugonjwa huo na mahindi yaliyowekwa nyumbani badala ya ghalani. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa kwa sumu hiyo hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nyanda kavu zinazopakana na Singida. Mtu anaweza kusema tembe nalo lilikuwa nyumba. Ni kweli, ila gunia lililolazwa sakafuni chini ya bati, pasipo moshi wala paa la udongo, haliko katika hali ile.

Mfuko mpya hufunga kile unachopewa. Ukipewa unyevu, utaufunga unyevu. Kwa hiyo kabla ya kukaza kamba, chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kidogo na konzi chache za mahindi, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15 hivi. Yarudishe juani.