Rehema

Neno rehema, ambalo Mkristo wa Ifakara hulitamka kila Jumapili pasipo kulitafakari, limetujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni lilelile la rahim, yaani tumbo la uzazi; na katika Kiebrania, lugha ya manabii, udugu huohuo wa maneno wapatikana. Si ajabu, basi, kwamba Isaya, katika sura ya 49, alipotaka kubainisha jinsi Mwenyezi Mungu asivyowasahau waja wake, alitoa mithali ya mama na mwana anyonyaye.

Maana hiyo huonekana dhahiri katika bonde la Kilombero wakati mpunga unapokomaa, ambapo mwanamke huamia ndege tangu alfajiri hata magharibi, akipiga debe kwa mkono mmoja, na mtoto aliapo mgongoni humgeuza kifuani akamnyonyesha, wala asiache kuwakemea ndege. Na kabla ya daraja la mto Kilombero kujengwa, akina mama wangapi walivuka mto huo kwa kivuko, hali wana uchungu, kwenda kujifungua Hospitali ya Mtakatifu Fransisko?

Mama aliyeturehemu hivyo, nasi tuna deni kwake: amri ya kuwaheshimu wazazi haikuweka muhula, na Bwana Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi amtunze. Kwa hiyo, ewe msomaji uombaye rehema, mtazame mama yako angali hai, umpelekee chakula, nguo na salamu, usingoje mpaka aitwe marehemu, neno la ukoo huohuo.