Ukoka wa Kisaki

Mtaro ulipita katikati ya uwanja wa bibi yangu, Kisaki. Mafundi walilaza bomba la maji, wakarudishia udongo, wakaukanyagakanyaga, wakaondoka. Ukoka ukabaki na kovu kutoka barabarani mpaka jikoni. Nilitaka kutafuta nyasi za kupandikiza, bibi akanikataza.

"Uache, mjukuu wangu. Mvua zikija utajishona wenyewe."

Hakukosea. Yalitangulia magugu, ambayo hupenda udongo uliotifuliwa. Kisha ukoka ukaanza kutambaa kutoka kingo zote mbili, kila fundo lililogusa ardhi likitoa mizizi, mpaka ukakutana katikati. Masika yalipokwisha, mgeni asingejua kwamba palichimbwa.

Sisi tulijua. Udongo uliorudishwa hushuka ukinyeshewa, kwa hiyo pale palibaki bonde jembamba. Tena udongo wa chini, usio na rutuba, ulikuwa umekuja juu, na kiangazi nyasi za mstari ule zilikauka kabla ya nyingine. Ukikaa barazani jioni, jua likiwa limelala, mtaro wote ulionekana.

Tangu hapo nimeanza kuitazama Kisaki yenyewe kwa jicho hilo, maana ardhi hii ilichimbwa zamani, na kwa sababu nyingine kabisa.

Tarehe 26 Agosti 1916, majeshi ya upande wa Uingereza yaliingia mji wa Morogoro. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa linarudi nyuma, likiizunguka milima ya Uluguru kuja huku kusini. Tarehe 7 Septemba kikosi cha wapanda farasi wa Afrika Kusini kiliishambulia Kisaki, kikashindwa. Kesho yake kikaja cha pili, bila mawasiliano na cha kwanza, nacho kikashindwa. Wiki moja baadaye Wajerumani walipaacha wenyewe, na pande mbili zikabaki zikitazamana kwenye mahandaki ya bonde la Mto Mgeta. Zilikaa hivyo kwa miezi mitatu, katika mvua, malaria na njaa, mpaka Jenerali Jan Smuts aliposhambulia tarehe 1 Januari 1917.

Siku tatu baadaye, huko Beho Beho, mwindaji maarufu wa Kiingereza Frederick Selous, mwenye umri wa miaka 65, aliuawa kwa risasi. Akazikwa palepale. Mwaka 1922 pori la akiba likapewa jina lake, na hata baada ya sehemu kubwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, kaburi lake lina bamba na watalii hupelekwa kuliona. Nyasi za pale hazikuachwa zijishone.

Lakini vita ile ilibebwa vichwani. Magari yalikwama kwenye matope na farasi walikufa kwa mbung'o, hivyo unga, risasi na majeruhi vilibebwa na wapagazi. Wale wa upande wa Uingereza pekee waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na lishe mbaya, wala si kwa risasi. Walizikwa kandokando ya njia, na ukoka ukafanya kazi yake. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki kwenye soko la Kariakoo, ambako maelfu hununua viatu kila siku bila kujua kwamba wanawataja.

Sidai kwamba nyasi zina kosa. Bila nyasi udongo ungesombwa, na hakuna anayeweza kuishi juu ya handaki lililo wazi. Ila zinafunika tu, na kinachofunikwa kinahitaji mtu anayekijua.

Miaka miwili baada ya mtaro ule, bomba lilipasuka chini ya ardhi. Mafundi waliokuja hawakuwa wale wa kwanza, wala hawakuwa na ramani. Walikuwa tayari kuuchimbua uwanja mzima. Bibi alitoka barazani na fimbo yake, akatembea polepole juu ya ule mstari wa nyasi zilizokauka, akasimama.

"Chimbeni hapa."

Walichimba, wakalikuta.