Mahindi ya Mwala na leseni ya msimu mmoja

Tukianza kulalamika kuhusu vitu vinavyotengenezwa ili visidumu, mfano wa kwanza huwa simu. Betri imegandishwa kwa gundi, programu mpya zinakataa toleo la zamani, na simu ikiwa bado inawaka unaambiwa ununue nyingine. Au Windows 10: Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025, huku tarakilishi nyingi zinazoitumia zikiwa hazina kasoro yoyote. Mpenda historia naye ataleta kisa cha balbu. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa, wakiwemo Osram na Philips, waliunda umoja ulioitwa Phoebus huko Geneva. Walikubaliana balbu isiwake zaidi ya saa 1,000, na aliyetengeneza inayodumu zaidi alitozwa faini.

Leo tuyaache hayo kidogo, twende shambani. Huko Mwala, kaunti ya Machakos, kuna bidhaa ya teknolojia ambayo mkulima huirudia dukani kila mvua zinapokaribia, kwa sababu ile ya msimu uliopita haifai kurudiwa. Bidhaa hiyo ni mbegu ya mahindi.

Programu bila msimbo wake

Mahindi huchavushwa na upepo. Mwaka 1908 Mmarekani George Shull alieleza jambo la ajabu kidogo. Ukiulazimisha mhindi ujichavushe wenyewe kizazi baada ya kizazi, unapata ukoo dhaifu lakini unaofanana. Ukichukua koo mbili dhaifu za namna hiyo ukazichanganya, mtoto anatoka na nguvu kuliko wazazi wote wawili, na shamba zima linasimama kwa kimo kimoja. Huyo ndiye chotara, au haibridi.

Tatizo liko kwa wajukuu. Ukipanda punje za haibridi, sifa zinatawanyika: mmoja mrefu, mwingine mfupi, na mavuno yanashuka. Kwa sisi waandika programu jambo hili si geni hata kidogo. Mkulima amepewa programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Inafanya kazi, lakini msimbo wake, yaani zile koo mbili za wazazi, umebaki kabatini kwa mwenye kampuni.

Usidhani haya ni maneno ya wanaharakati. Mwaka 1919 wanasayansi Edward East na Donald Jones waliandika waziwazi kwamba faida mojawapo ya njia hii ni kumwezesha mgunduzi kubaki na wazazi na kutoa mbegu chotara pekee, ambayo thamani yake kwa kuendelezwa ni ndogo. Mwaka 1926 Henry Wallace, ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais wa Marekani, alianzisha kampuni ya kuuza mbegu hizo. Hapa ndipo haibridi inapotofautiana na balbu za Phoebus. Hakuna aliyeikata maisha mbegu kwa siri. Maumbile yenyewe ndiyo kufuli, na biashara ikajengwa juu ya kufuli hilo. Tena tuwe wakweli: mavuno yaliongezeka kweli, ndiyo maana wakulima walinunua.

Kitale na Katumani

Nchini Kenya njia mbili zilianza karibu wakati mmoja. Kitale, ambako Kenya Seed Company ilianzishwa mwaka 1956, watafiti walitoa haibridi ya kwanza, H611, mwaka 1964. Wakulima wa magharibi na Bonde la Ufa waliipokea kwa kasi kubwa.

Lakini H611 ni ya nyanda za juu, inataka miezi mingi ya mvua. Mwala haina miezi hiyo. Mvua za vuli, ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani, huanza Oktoba na mara nyingi Desemba huwa zimekatika. Masika nayo ni kubahatisha. Mhindi wa Kitale ungekuwa bado wa kijani siku mbingu zinapofunga.

Kwa hiyo katika kituo cha utafiti cha Katumani, nje kidogo ya mji wa Machakos, watafiti walifuata njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walitoa mbegu ambayo mpaka leo watu huiita tu Katumani. Haistahimili ukame sana. Inauwahi, kwa kukomaa katika takriban miezi mitatu. Na muhimu kwa hadithi yetu, haikuwa haibridi. Ilikuwa mchanganyiko wa mimea mingi iliyoachwa ichavushane kwa uhuru, kwa hiyo watoto wanafanana na wazazi. Unavuna, unachagua magunzi mazuri kabla hayajapukuchuliwa, unayatundika juu ya meko moshi uyalinde na wadudu, unapanda tena. Jirani akikuomba, unampa.

Hiyo ni programu huria, miaka mingi kabla sisi hatujaipa jina.

Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliochapisha mwaka 1994 utafiti wao kuhusu Machakos kati ya 1930 na 1990, walipita Masii na Mbiuni, sehemu ambazo leo ziko ndani ya Mwala. Wakulima wa Machakos waliipokea Katumani bila kuzitupa mbegu zao za kienyeji. Walizipanda zote, na upepo ukazichanganya. Kwa lugha yetu, walichukua msimbo wa serikali wakauunganisha na wa kwao.

Kulipia mara mbili kwa mwaka

Baadaye haibridi za ukame nazo zikafika. Kuna zile za DH, kama DH01 na DH04. Nyingine ni za kampuni, kama Duma 43 ya Seed Co. Mvua ikiwa nzuri na mbolea ikiwepo, haibridi huishinda Katumani. Siwezi kumlaumu mama wa Mwala anayeinunua.

Ila hebu tupige hesabu kama watu wa leseni. Mwala ina misimu miwili, kwa hiyo leseni inalipiwa mara mbili kwa mwaka. Mvua zikikosa, pesa imekwenda na mahindi hayapo, lakini duka la agroveti halirudishi kitu. Msimu unaofuata unalipa tena, ukiwa maskini zaidi ya ulivyokuwa mwanzo.

Sheria nayo iliegemea upande wa duka. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya mwaka 1972, iliyorekebishwa mwaka 2012, ilimtishia aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vilivyowaadhibu wakulima kwa kuhifadhi na kugawana mbegu vinakiuka katiba.

Ushindi mkubwa. Lakini angalia mipaka yake. Mahakama inaweza kukupa haki ya kuhifadhi mbegu. Haiwezi kuifanya haibridi izae watoto wanaofanana nayo. Haki hiyo ina maana kwa mwenye mbegu ya kurudiwa tu.

Nani ataitunza?

Na mbegu ya kurudiwa haijitunzi. Kila anayetumia programu huria anajua kwamba mradi usio na mtunzaji hufa, hata kama msimbo wake uko wazi kwa wote. Ili Katumani ibaki Katumani inabidi iwe mbali na mahindi mengine, mita 200 hivi. Magunzi ya mbegu yachaguliwe katikati ya shamba, kutoka mimea mingi yenye afya iliyowahi kukomaa. Shamba la ekari mbili lina majirani pande zote, na kama wote wamepanda Duma, upepo hauombi ruhusa.

Hapa ndipo naona utegemezi wenyewe ulipo. Kununua mbegu si kosa, kama vile kununua programu si kosa. Hatari ni pale kizazi kizima kinapoijua mbegu kama punje zenye rangi ya dawa ndani ya pakiti, na bibi aliyejua kuchagua gunzi hana wa kumrithisha. Siku bei ikipanda, au aina uliyoizoea ikiondolewa sokoni, huna pa kurudi.

Wakamba wana neno mwethya, kikundi cha majirani wanaofanya kazi pamoja. Kwa mwethya walichimba matuta yaliyookoa udongo wa Machakos usisombwe na maji. Shamba moja la mbegu, ambalo majirani wamekubaliana kutolizunguka kwa mahindi mengine, ni kazi ndogo kuliko matuta. Wengine wote waendelee na haibridi zao wakipenda. Wakati wowote wakishindwa kulipia msimu, watakuwa na mbegu ya kupanda.