Msikiti wa kale wa Tongoni: ulivyojengwa na ulivyobaki gofu

Ukitoka Handeni au Korogwe ukafika Tanga mjini, shika barabara ya Pangani kuelekea kusini. Baada ya kilomita 17 hivi utafika Tongoni, penye magofu ya msikiti wa mawe na makaburi zaidi ya 40. Watafiti wanakadiria kuwa mji huo ulistawi katika karne ya 14 na ya 15.

Ulijengwaje?
Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Mapaa bapa ya majengo ya aina hii yalilazwa juu ya boriti za mikoko. Paa la mawe na chokaa ni zito, kwa hiyo boriti haikuweza kuvuka zaidi ya mita 3 hivi. Fundi akitaka ukumbi mpana, alisimamisha nguzo katikati.

Mihrabu ilielekezwa kaskazini, kwa sababu kutoka Tanga Makka iko karibu kaskazini kabisa. Misikiti mingi ya kale ya pwani haikuwa na mnara. Makaburi kadhaa ya Tongoni yalijengewa nguzo ndefu zilizopachikwa bakuli kutoka ng'ambo. Nyingi zimeshaanguka.

Kwa nini ni gofu?
Jengo la chokaa linataka kupakwa upya kila mara. Watu wakihama, paa huanguka, mvua huingia ndani ya kuta, na mizizi ya miti hupasua kilichobaki.

Linatuhusu nini?
Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Misikiti mingi ya vijijini kwetu, ya miti na udongo au ya tofali na bati, ni ya baadaye. Kwa hiyo mlinzi wake wa kwanza ni jamaa wa msikiti wenyewe.

Kijiji chenu kikiamua kujenga msikiti mpya, kabla ya kuvunja wa zamani pigeni picha kwa simu, ndani na nje. Pimeni urefu na upana. Waulizeni wazee nani alitoa kiwanja, nani alikuwa fundi na mwaka gani, kisha andikeni kwenye daftari la msikiti. Tongoni mawe yamebaki, lakini majina ya mafundi hatunayo.