Madaktari wa familia wafunzwa kuwasaidia wajawazito kuacha sigara

Sekunde 30 zinamtosha daktari wa familia kumwanzishia mama mjamzito safari ya kuacha sigara, iwapo daktari huyo amefunzwa namna ya kuzitumia.

Huo ndio msingi wa mafunzo yanayotolewa nchini Uingereza na kituo cha taifa cha NCSCT, kilichoanzishwa mwaka 2009. Hatua zake ni tatu: kuuliza, kushauri na kumpeleka mhusika kwa mtaalamu.

Ugumu upo kwenye swali la kwanza. Baadhi ya wajawazito huficha uvutaji kwa kuona haya, nao baadhi ya madaktari husita kuuliza wakihofia kumuudhi mgonjwa. Ndiyo maana daktari hufundishwa kuuliza bila kulaumu.

Kunyamaza kuna gharama kubwa. Gesi ya kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi huchukua nafasi ya oksijeni katika damu ya mama, hivyo mtoto tumboni hupungukiwa. Uvutaji huongeza hatari ya mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa njiti, kuzaliwa mfu au kufariki ghafla usingizini.

Mwongozo wa taasisi ya NICE wa Novemba 2021 unaelekeza wajawazito wapimwe gesi hiyo kwa kupuliza kifaa maalumu. Mwenye kiwango cha 4 au zaidi katika sehemu milioni moja za pumzi hupelekwa kwenye huduma ya kuacha sigara, isipokuwa akikataa mwenyewe.

Aidha, ushauri unaotakiwa ni kuacha kabisa, si kupunguza. Vibandiko vya nikotini vinaruhusiwa, lakini dawa za vareniklini na bupropioni hazitolewi kwa wajawazito.

Hata hivyo, dawa peke yake haitoshi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wajawazito 1,050, haukuona tofauti ya maana kati ya vibandiko vya nikotini na vibandiko vitupu. Wengi wa washiriki waliviacha kabla ya mwezi kumalizika.

Katika England, wanawake waliokuwa wakivuta hadi wakati wa kujifungua walikuwa takriban asilimia 15 mwaka 2006/07. Mwaka 2023/24 walikuwa asilimia 7.4.

Kazi haiishii hapo, kwani wengi hurudia sigara baada ya kujifungua, hasa pale mwenza anapoendelea kuvuta. Wakati huo mkunga huwa amekwisha kumaliza zamu yake. Anayebaki na familia hiyo ni daktari wake.