Muda wa Kukomaa na Muda wa Kupona: Mlinzi wa Ndani katika Ligi Ndogo za Besiboli Marekani

Ligi ndogo za besiboli nchini Marekani, yaani mashindano ya kulipwa yaliyo chini ya Ligi Kuu, zilipata umoja Septemba 1901, viongozi wa ligi kadhaa walipokutana Chicago na kuunda shirikisho la kulinda mikataba yao dhidi ya klabu kubwa. Wakati huo klabu nyingi za miji midogo zilijitegemea, zikiishi kwa mapato ya tiketi na kwa kuuza wachezaji waliokwisha kuiva. Hali hiyo ilibadilika Branch Rickey, kiongozi wa St. Louis Cardinals, alipotambua kwamba klabu yake haikuwa na fedha za kushindana na matajiri, akaanza kununua hisa za klabu ndogo, na baadaye klabu nzima, ili awalee wachezaji tangu ujana wao. Mfumo huo, ulioitwa mashamba ya klabu, ulizaa matunda Cardinals walipotwaa ubingwa wa World Series, fainali ya Ligi Kuu, mwaka 1926, na kufikia mwaka 1940 klabu zilizokuwa chini yao zilizidi 30.

Miongoni mwa waliohitaji sana malezi hayo ni walinzi wa ndani, yaani wachezaji wanne wanaolinda eneo la karibu na besi, vile vituo ambavyo mkimbiaji hana budi kuvipitia ili apate pointi. Mpira unaobiringika kwa kasi ardhini huweza kubadili mwelekeo ghafla, na mlinzi hutakiwa kuudaka na kuutupa kabla mkimbiaji hajafika, jambo ambalo halifundishwi kwa maelezo bali kwa kurudiarudia zoezi mpaka mwili ulizoee. Kwa sababu hiyo Rickey, akiwa sasa kiongozi wa Brooklyn Dodgers, alianzisha mwaka 1948 kambi ya Vero Beach, Florida, katika kituo cha zamani cha jeshi la wanamaji, ambako mamia ya wachezaji walifunzwa pamoja. Ligi ndogo pia ndiko mlinzi alikobadilishiwa nafasi: Jackie Robinson, aliyekuwa akicheza kati ya besi ya pili na ya tatu katika Kansas City Monarchs, klabu ya wachezaji weusi, alipelekwa besi ya pili alipojiunga na Montreal Royals, klabu ndogo ya Dodgers, mwaka 1946, akaongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga (uwiano wa mipigo iliyofanikiwa) wa .349, na mwaka uliofuata akaingia Ligi Kuu akicheza besi ya kwanza, akauvunja ubaguzi wa rangi uliokuwa umedumu humo kwa miongo mingi.

Hata hivyo, muda huo wa kukomaa ulikuwa na gharama, na aliyeibeba kwa muda mrefu ni mchezaji mwenyewe, kwani mashamba yalikuwa na vijana wengi kuliko nafasi, na nafasi ya aliyeumia ilijazwa upesi kuliko alivyopata nafuu. Mabadiliko makubwa ya kitabibu yalikuja Septemba 1974, daktari Frank Jobe alipochukua kano kutoka mkono wa kulia wa Tommy John, mrushaji (mchezaji anayemtupia mpigaji mpira) wa Los Angeles Dodgers, akaitumia kuunda upya ligamenti, yaani utepe unaounganisha mfupa na mfupa, iliyokuwa imekatika katika kiwiko chake cha kushoto. John alirejea uwanjani mwaka 1976 na kushinda mechi 164 baada ya upasuaji huo. Walinzi wa ndani nao walinufaika, na kwa kawaida husubiri muda mfupi kuliko warushaji: Corey Seager, aliyefanyiwa upasuaji huo mwaka 2018, alikuwa uwanjani msimu wa 2019 ulipoanza, na mwaka 2020 akateuliwa mchezaji bora wa World Series.

Sambamba na maendeleo hayo ligi ndogo zilipata kazi ya pili, kwa kuwa mchezaji wa Ligi Kuu anayepona hupelekwa huko kujipima katika mechi halisi, kwa kawaida kwa muda usiozidi siku 20, au 30 akiwa mrushaji. Kanuni nazo zilifuata: baada ya Ruben Tejada, mlinzi wa ndani wa New York Mets, kuvunjika mguu Oktoba 2015, alipogongwa na mkimbiaji aliyeteleza kuelekea besi ya pili, mtelezo wa namna hiyo ulidhibitiwa kuanzia msimu wa 2016.

Haki ya malipo ilichelewa zaidi. Wachezaji wa ligi ndogo waliingia katika chama cha wachezaji wa Ligi Kuu mwaka 2022, na mkataba wao wa kwanza wa pamoja, wa mwaka 2023, ulipandisha kima cha chini cha mshahara wa mwaka katika daraja la juu kutoka dola 17,500 hadi 35,800. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, kwa maana klabu inayovuna ujuzi wa mlinzi aliyekomaa inawajibika kugharimia miaka ya kumfunza na miezi ya kumponya.